Salamu kwa Transfa

Dereva wa kituo cha afya alikuwa na tabia moja iliyowafanya abiria wageni wadhani akili zimempungua kidogo: alikuwa akilisalimia gari lake, tena akiwa amelala chali chini yake. Wenyeji walishazoea. Walimwita Mzee Salamu, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake, ambalo hata mkewe alilikumbuka pale tu alipokuwa na hasira naye.

Gari lenyewe lilikuwa la siku nyingi, jeupe kwa jina tu maana vumbi lilishalichumbia, na lilivuta kwa magurudumu yote manne. Kazi yake ilikuwa kupandisha Sista, muuguzi wa kituo, na chanjo zake kwenye vijiji vya mlimani na kuteremsha wagonjwa. Njia ilianza na mchanga mzito, ikaingia kwenye mawe, kisha ikaanza kupanda bila huruma. Kwenye njia kama hiyo, alivyopenda kusema Mzee Salamu, injini ni mpiga kelele tu. Anayeumia ni yule mnyonge aliyejificha chini ya sakafu, nyuma ya gia boksi: kisanduku cha chuma kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, ambacho mafundi hukiita transfa. Ndani yake gia zinaogelea kwenye oili. Oili ikipata moto kupita kiasi inakuwa nyepesi kama maji, meno ya gia yanaanza kulana, na gari linabaki njiani kuwa banda la kuku.

Shida ni kwamba gari lile lilikuwa na geji ya mafuta, geji ya maji, hata saa iliyokufa zamani ikabaki inaonyesha saa ile ile kama mtu mwenye kisirani. Lakini geji ya joto la transfa halikuwa nayo. Geji ilikuwa kiganja cha kulia cha Mzee Salamu. Akishamaliza mchanga, kabla ya kuukabili mlima, alisimama mahali patambarare, akatandika gunia, akajiingiza chini ya gari, akakibandika kiganja kwenye tumbo la transfa na kuanza.

“Hujambo?”

“Sijambo,” akajiitikia mwenyewe kwa sauti nzito kidogo, ambayo aliamini ndiyo sauti ya transfa.

“Za nyumbani?”

“Nzuri.”

“Watoto?”

“Hawajambo.”

“Na kazi?”

“Tunasukuma.”

Kiganja kikivumilia mpaka kwenye “tunasukuma,” safari iliendelea. Kikishindwa kwenye watoto, walipumzika kidogo. Kikichomoka kwenye “hujambo” kabla hata ya kuitikiwa, watu wote walishuka wakatafuta kivuli, na hakuna aliyethubutu kuuliza wataondoka lini. Madereva wengine walimcheka mpaka wakashika mbavu. Baadaye walimwomba awavute.

Nyumbani nako kiganja hicho hakikuwa na likizo. Ndicho kilichopima maji ya kuogeshea watoto, ndicho kilichoamua kama uji umepoa, na homa haikuwa homa mpaka Mzee Salamu aweke mkono kwenye paji la uso. Kifungua mimba wake, binti mwenye akili nyingi na uvivu wa kuamka, aliwahi siku moja kulala karibu na jiko makusudi ili apate joto la ugonjwa. Baba akamgusa mara moja tu. “Hii si homa,” alisema. “Hili ni somo la hesabu. Amka.” Na mkewe, ambaye miguu yake ilikuwa baridi mwaka mzima, jua liwake lisiwake, hakuhitaji kusema neno akipanda kitandani. Mzee aliigusa, akaguna, akaichukua katikati ya viganja vyake na kuisugua mpaka ipate uhai. Walikuwa wameishi hivyo tangu waoane.

Yule binti wa homa ya hesabu alikua akawa fundi umeme wa magari, na sasa alikuwa na gereji yake karibu na stendi ya malori. Siku moja alimwita baba yake, akamfunulia kitu kilichofungwa kwenye gazeti: geji ndogo ya duara, waya wake, na kipimajoto cha kufunga kwenye transfa.

“Baba, hii inakaa kwenye dashibodi. Unaona joto la oili ukiwa umekaa kitini. Huna haja tena ya kulala kwenye mavumbi na magoti yako hayo.”

Mzee Salamu aliigeuza geji huku na huku kana kwamba ameletewa mchumba asiyemtaka. “Inasalimia?”

“Haisalimii. Inasema ukweli.”

“Kwa hiyo mimi nasema uongo?”

“Baba!”

“Iweke tu, mama. Haiozi.”

Binti akaifunga tena kwenye gazeti, akaitia kwenye droo. Alimjua baba yake.

Basi mambo yakaenda hivyo, na yakaenda vizuri, hata ikafika wakati yakawa yanaenda vizuri kupita kiasi. Mzee Salamu alikuwa ameweka oili ya aina mpya, na tangu aiweke transfa haikumkatisha salamu hata siku moja. Mchanga uwe mkavu, mzigo uwe mzito, yeye alifika “tunasukuma” bila wasiwasi. Aliisifu oili hiyo kila kona, mpaka muuza duka akadhani anatafuta ubia.

Nyumbani mkewe aliona vijimambo. Mume alifunua sufuria inayotokota bila kitambaa, akasimama na mfuniko mkononi akipiga soga. “Una mikono ya chuma wewe,” alimwambia, nusu kwa sifa. Kifungo cha juu cha shati siku hizi kilikuwa wazi daima, na akiulizwa anasema joto. Kwa kweli vidole vilikuwa vinahangaika na kile kifungo, vinakipapasa, vinakipoteza. Asubuhi mkono uliamka na ganzi, akawa anaukung'uta kando ya kitanda huku amempa mkewe mgongo. Ganzi ni ganzi tu, alijiambia. Nani hapati ganzi? Akajitia hamnazo, akaendelea kuendesha.

Siku yenyewe mchanga ulikuwa mbaya. Upepo ulikuwa umeuhamisha ukajaza njia, na gari likasota kwa gia nzito muda mrefu likinguruma kama limetukanwa. Sista alikuwa kiti cha mbele amepakata kisanduku cha chanjo. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo, mwanamke mnene, mcheshi, asiyeficha neno. Walipofika mahali pa salamu alinusa hewa.

“Mzee, husikii harufu? Kama mtu amesahau kikaango jikoni.”

“Hizo ni breki za lori lililotutangulia.”

Alitandika gunia akaingia chini. Sista akamsikia akisalimia, hujambo mpaka tunasukuma, tena siku hiyo kwa mbwembwe akaongeza, “Na wajomba?” “Wapo.” Akatoka akitabasamu, akijikung'uta mavumbi.

“Mzima wa afya, Sista. Oili hii ni dawa.”

Lakini Sista hakuwa akiliangalia gari. “Hebu fungua mkono.”

Akaufungua. Katikati ya kiganja ngozi ilikuwa imegeuka nyeupe na kujikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka.

“Unauma?” Sista aliuliza polepole.

“Nini?”

Mzee Salamu aliufuata mtazamo wa Sista, akakiona kiganja chake, na akakitazama kama kiatu cha mtu mwingine kilichoachwa mlangoni. Kisha alichukua chupa ya maji, akainama, akarusha matone mawili matatu kwenye transfa. Ikalia chwaa! Moshi ukapanda. Akaketi palepale juu ya gunia. Masikio yalikuwa yamemwambia kile ambacho mkono ulikuwa ukimficha kwa muda mrefu.

“Haya,” Sista alisema akimmiminia maji kiganjani, akijaribu kuchekesha maana aliona uso wa mzee wa watu umekwisha. “Chanjo zangu zinataka baridi, gari lako linataka baridi, na wewe sasa unataka baridi. Nitawagawieni vipi?”

Mzee hakucheka. Chini ya gari oili ilikuwa ikidondoka tone kwa tone kwenye mchanga, nyeusi tititi. Juu kule akina mama walikuwa wameshapanga foleni na watoto mgongoni, na siku hiyo wangengoja bure. Jambo hilo ndilo lililomuuma, kwa sababu lengelenge lenyewe halikumuuma hata kidogo.

Walingoja chuma kipoe, wakarudi polepole. Kituoni Sista alimfunga bandeji, akaagiza mkewe aitwe. Akaja mbio, miguuni kandambili za kuogea, kitambaa cha kichwa mkononi. Sista akakichukua kitambaa hicho, akamfunga Mzee Salamu macho.

“Vua viatu. Nitakugusa kwa pamba. Nikigusa, sema.”

“Kwa nini miguu, Sista? Kilichoungua ni mkono.”

“Kwa sababu klachi na breki hukanyagi kwa mkono. Miguu yako ikiwa kama kiganja chako, funguo za gari nazichukua leo hii, na utanichukia mpaka kaburini.”

Mzee Salamu alijua kuendesha gari, na zaidi ya hapo alijua kuendesha gari. Mkewe aliegemea mlango, mkono kinywani, roho juu.

“Hapo,” alisema mzee. Kimya. “Hapo.” Kimya tena. “Hapo, na acha kunitekenya.”

Mkewe akashusha pumzi iliyosikika mpaka dirishani. Sista akahamia mkono wa kushoto. Huo ulijibu kwa kuchelewa, kwa mbali, kama mtu anayesikia redio ya jirani. Kisha akahamia wa kulia. Aligusa ncha za vidole kwa pamba, akagusa ukingo wa kiganja ambao haukuungua, akajaribu kwa ncha butu ya sindano. Mzee Salamu alikaa ameinua uso, akitabasamu kidogo, tayari kabisa kujibu.

“Anza basi, Sista.”

“Nimeshamaliza, Mzee.”

Mkewe aligeukia ukutani. Alipofunguliwa macho, Mzee Salamu aliona mgongo wake kwanza, mabega yanatikisika, na akaona haya kuliko alivyowahi kuona maishani.

Sista hakuzunguka mbuyu. Miguu ilikuwa salama na mkono bado unashika sawasawa, ila haujui unashika nini. Angemwandikia aende hospitali kubwa wakaangalie mishipa ya fahamu. Huenda ni usukani unaotetemeka miaka nenda rudi ndio ulioibana, na ya kubanwa pengine hufunguka. Kila jioni mtu wa nyumbani amkague mikono, asije akawa na kidonda asichokijua. “Na gari halipandi tena mlima kwa kiganja hicho,” alimaliza. “Ama geji, ama dereva mwingine.”

Njiani kurudi nyumbani mkewe alitembea mbele, kandambili zikipiga pa, pa, pa.

“Tangu lini?” aliuliza bila kugeuka.

“Ni ganzi tu, mama watoto.”

“Sikuuliza ni nini. Nimeuliza tangu lini.”

“Tangu mvua za mwaka jana.”

Alisimama. “Mficha maradhi…”

“Kifo humuumbua, najua.”

“Unajua! Unajua halafu unalala kitandani kwangu na mkono uliokufa, unasugua miguu yangu, unajifanya unasikia!” Alimpiga kofi dogo begani, kisha akaushika mkono wa bandeji akautia kwapani mwake, na hakuuachia mpaka nyumbani.

Kesho yake Mzee Salamu alikwenda gereji mwenyewe. Maneno aliyatoa akiwa anatazama tairi.

“Ile geji ipo?”

Binti alifungua droo, geji ilikuwa ndani ya gazeti lilelile. Kisha akaingia chini ya gari, akafungua nati ya kumwagia oili, na kilichotoka hakikujaza hata nusu ya debe dogo lililokatwa. Sili ya nyuma ilikuwa imechakaa siku nyingi, oili ikivuja kidogokidogo, na iliyobaki ilikuwa imeungua. Mzee akachovya kidole, akakinusa. Mkono wenye uhai ungelishtuka mapema, ungelitoka kwenye “hujambo” na kumwambia kuna jambo. Badala yake alikuwa akizunguka mji mzima akisifu oili.

“Nimeliua,” alisema.

“Meno yamechubuka tu, baba. Hayajavunjika.” Binti alijifuta mikono kwa kitambaa. “Gari lina bahati. Lilipata dereva mbishi, lakini bado halijampoteza.”

Alibadilisha sili, akafunga kipimajoto palipokuwa na ile nati, akajaza oili, akapandisha waya kupitia sakafuni, na geji akaitia kwenye tundu la ile saa yenye kisirani. Ilienea vizuri. Mzee Salamu akaketi nyuma ya usukani, akaikodolea macho.

“Sasa hizi namba mimi nitazifanyia nini? Mimi sijui joto kwa namba. Najua kwa salamu.”

Binti alifikiri, akaenda ndani, akarudi na kichupa cha rangi ya kucha ambacho mama yake alikiacha pale siku ya sherehe fulani. “Basi twende mchangani.”

Wakalisotesha gari mchangani mpaka likapata joto. Safari hii aliyetandika gunia akaingia chini alikuwa binti. Baba alibaki kitini, kijiti cha rangi mkononi, macho kwenye mshale wa geji. Kutoka chini ikaja sauti.

“Hujambo?”

Mzee Salamu alikawia. Alikuwa hajawahi kusikia salamu zake kutoka kinywa cha mtu mwingine, na kwa dakika hiyo moyo ulimwuma kwa wivu kabisa, kama mtu anayeona mgeni ametandikiwa kitanda chake. Kisha akakumbuka kwamba transfa haina wa kuiitikia.

“Sijambo!” alijibu kwa ile sauti nzito.

“Za nyumbani?”

“Nzuri!”

“Watoto?”

“Hawajambo!”

“Na kazi?”

“Tunasukuma!”

“Tia alama hapo, baba!”

Akatia. Wakazunguka tena, wakasota tena, na mara ya pili binti alilipuka kutoka chini akipuliza kiganja. “Hapo ndipo kwa watoto! Tia!”

“Mkono wako laini. Mimi ningefika kwenye kazi.”

“Wewe ungefika mpaka kwa wajomba, ukatoka umeiva.”

Mzee Salamu akacheka, kicheko cha kwanza tangu siku ya mchanga, akacheka mpaka akapaka rangi ya kucha kwenye usukani. Alama ya mwisho, ile ya “hujambo” isiyoitikiwa, binti aliiweka kwa kuibandika ncha ya kidole tu na kukitoa mbio. Hapo baba akapaka kwa unene, asije akasema hakuona.

Walipopanda tena mlimani na kisanduku cha chanjo, Sista aliinamia geji. “Tuko wapi?”

“Tunakaribia kwa watoto. Tupumzike kidogo.”

Alisimama mahali palepale pa siku zote. Mguu ulishatangulia kushuka kwa mazoea, gunia liko mkononi, ndipo akakumbuka. Akalitandika hivyohivyo kivulini, akaketi juu yake karibu na gurudumu, kumpa mwenzake, transfa, kampani. Juu kule akina mama walimsimanga kwa foleni ile ya bure, wakampa kiti, na hakuna aliyeulizia mkono kwa sababu wote walishasikia.

Jioni ile, kama ilivyoamriwa, mkewe alimkalisha kwenye kigoda mlangoni, beseni la maji ya uvuguvugu katikati yao. Alimwosha mikono, akaikagua kidole kwa kidole, akamwambia afumbe macho. Huu ulikuwa mchezo wao sasa. Alianzia juu, kwenye kifundo, mahali palipokuwa bado na uhai, akateremka taratibu.

“Hujambo?”

“Sijambo.”

“Za nyumbani?”

“Nzuri.”

Akanyamaza. Mzee Salamu akahisi kimya kimerefuka, akajua amefika kiganjani.

“Watoto?” mkewe akauliza.

“Hawajambo!” aliitikia haraka.

“Mwongo mkubwa! Fungua macho.”

Akafungua. Mikono yote miwili ya mkewe ilikuwa mapajani mwake mwenyewe, mikavu, mbali kabisa. Wakatazamana, wakacheka, mkewe akifuta macho kwa ukingo wa nguo, na haikujulikana kicheko kiliishia wapi na kile kingine kilianzia wapi. Kisha akavua kandambili.

Mzee Salamu aliitazama miguu ile. Tangu waoane hakuwahi kuuliza, alikuwa akijua.

“Ina baridi?” aliuliza.

“Kama ya maiti,” mkewe akasema, akaipandisha magotini mwake.

Akaishika katikati ya viganja vyake na kuisugua, taratibu, kama siku zote, akimtazama usoni ili ajue inapata moto.

“Na kazi?” mkewe akamwuliza.

“Tunasukuma.”